Tabo mbili, ugonjwa mmoja: kisa cha boti ya mizigo Ziwa Nyasa

Boti yenyewe ni ya mbao, mita 16 hivi. Inabeba mchele, saruji, mabati na vyungu vya Ikombe kati ya pwani ya Kyela na vijiji vya mwambao wa mashariki: Matema, Lupingu, Manda, na safari nyingine mpaka Mbamba Bay. Injini yake ni dizeli ya silinda 6, nguvu farasi 210 kwa mizunguko 2,400 kwa dakika, ya ukoo wa injini za malori iliyotengenezwa kiwandani kwa matumizi ya majini. Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja: moja inazungushwa na moshi wa ekzosi, nyingine inasukuma hewa ndani ya injini. Tabo yake ya asili ilidumu miaka mingi, ikafa. Ikafungwa ya pili. Hiyo haikumaliza msimu. Nilipoitwa kutoka Mbeya, ya tatu ilikuwa imekwisha kulipiwa na iko kwenye basi kutoka Dar es Salaam.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu sisi mafundi wa Mbeya na Iringa tabo tumeijulia kwenye malori ya barabara ya Zambia. Ziwa liko kilomita 130 tu kutoka Mbeya, unateremka Tukuyu unafika, lakini injini ya boti ina tabia zake, na mtu akishuka nazo zile kanuni za lori peke yake ataibadilishia tabo mpaka mwenye chombo afilisike. Tabo ya pili ikifa upesi kuliko ya kwanza, hiyo peke yake inakuambia kwamba aliyefunga hakutafuta kilichoua ya kwanza.

Malalamiko

Nahodha ni mtu mzima, ameendesha chombo hiki tangu kilipoundwa, na maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko geji yoyote. "Fundi, zamani nikiwa nimejaa nilikuwa nafika 2,350. Sasa ikifika 1,700 inagota. Nikiongeza mafuta natoa moshi tu, mwendo hauongezeki." Moshi huo ni mweusi mzito. Asubuhi akiwasha anaona wa bluu, dalili ya oili kuungua. Oili inapungua lita mbili kwa safari ya Manda kwenda na kurudi. Na mlio wa tabo, ambao alikuwa ameuzoea kama mluzi mwembamba, umekuwa wa kukwaruza.

Hapa ndipo boti inapoachana na lori. Dereva wa lori lililopungukiwa hewa pale Kitonga anarudisha gia, anapanda polepole, injini inapata nafuu. Nahodha hana gia ya kurudisha. Propela inadai nguvu kwa mchemraba wa mwendo wake: ukitaka asilimia 80 ya mizunguko, unahitaji karibu nusu ya nguvu; ukitaka asilimia 100, unahitaji yote. Tabo ikilegea, hewa inapungua lakini propela haipunguzi dai lake hata kidogo. Gavana, yaani kidhibiti cha mizunguko, inaendelea kufungua mafuta ili kufikia mizunguko aliyoomba nahodha, mafuta yanakosa hewa ya kuungua nayo, na joto la ekzosi linapanda. Niliweka kipimajoto kwenye manifoldi kabla ya tabo, na kwa mizunguko 1,700 tu kilisoma nyuzi 590 za Selsiasi. Kwa mzigo mdogo kiasi hicho, joto hilo limezidi, na likiendelea kupanda linaweza kuunguza vali na pistoni. Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwomba nahodha ni kwamba mpaka tumalize asiende popote kwa zaidi ya mizunguko 1,300.

Jambo la pili ni mwinuko. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo (presha) la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi, na hewa ni karibu asilimia 95. Lori linalolegea Uyole, hapo Mbeya, unaweza kulitafutia sababu kwenye wepesi wa hewa. Boti ya Kyela huwezi. Geji ya tabo ikisoma chini pale ziwani, kuna kitu kimeharibika.

Kabla ya kuilaumu tabo

Moshi mweusi na kukosa nguvu vina wazazi wengi, na tabo ni mmoja tu kati yao. Filta ya hewa ilikuwa safi. Nilifunga mdomo wa bomba la hewa kwa kizibo chenye vali ya tairi, nikaijaza njia yote ya hewa kwa kompresa mpaka bar 1, nikapaka maji ya sabuni kwenye kila mpira na klempu kutoka tabo mpaka intakula (kipoza hewa) na manifoldi. Hapakuwa na mvujo wa kutisha. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi haikuwa na masizi pembeni, maana yake moshi haukuwa unatoroka kabla ya kuzungusha tabo.

Kisha ekzosi yenyewe. Boti hii, kama nyingi, inachanganya maji ya ziwa na moshi kwenye kiwiko cha chuma kabla ya kutoa nje. Vitabu vya injini za majini vimejaa maonyo kuhusu kiwiko hicho, kwa sababu baharini chumvi hukila kwa ndani mpaka maji yanarudi nyuma na kuozesha feni ya tabo. Ziwa letu ni la maji baridi, hivyo kutu si adui mkubwa. Adui ni masizi, ambayo yanaganda pale yanapokutana na maji na kuubana mlango. Tukafungua: masizi yalikuwepo, tukayakwangua, lakini njia ilikuwa wazi zaidi ya robo tatu. Halikuwa jibu.

Nozeli zilipimwa kwenye karakana ya pampu hapo Mbeya na zikarudi nzuri. Kwenye kreki, yaani chumba cha chini cha injini, nilipima kanieneo la gesi kwa mpira mwembamba wenye maji, uliopindwa na kusimamishwa pembeni ya skeli. Maji yalisogea sentimita chache tu. Ringi za pistoni zilikuwa bado zinafanya kazi na briza, tundu la kupumulia la injini, haikuziba. Kipimo hiki napenda kukisisitiza kwa sababu ni cha bei ya mpira tu, na kinamwokoa mtu asiamriwe kufanya ovaholi ya injini nzima kwa sababu ya moshi wa bluu. Gesi ikizidi kwenye kreki, oili ya tabo inashindwa kurudi na inapenya kwenye sili. Tabo inaonekana mbovu kumbe ni nzima.

Tukaifunga boti kwa kamba mbili nene, nikamwomba nahodha aingize gia na aisukume taratibu ikiwa imesimama. Kipimo hiki kifanywe kwa muda mfupi, maana propela isiyosafiri inaielemea injini kuliko safari ya kawaida. Geji niliyoiunga kwenye manifoldi ilisoma bar 0.4. Injini hii ikielemewa inatakiwa ikaribie bar 1.1. Sasa nilikuwa na haki ya kuigusa tabo.

Nilivyoikuta

Nilivua bomba la hewa injini ikiwa imepoa. Meno ya feni ya hewa hayakuwa yamekatika, kwa hiyo hapakuingia nati wala kipande cha filta. Lakini ncha zake zilikuwa zimeng'aa upande mmoja, na kwenye nyumba yake, yaani ganda linaloizunguka, kulikuwa na alama ya kusuguliwa. Shafti ikitikiswa kwa pembeni huwa inacheza kidogo hata kwenye tabo mpya, kwa sababu busi zake, pete za shaba zinazobeba shafti, zinaelea ndani ya oili na wakati huo oili haipo. Hilo lisikutie hofu. Kinachotia hofu ni feni kugusa nyumba. Kwa kusukuma na kuvuta, dailgeji ilisoma milimita 0.3. Kwa tabo za ukubwa huu vitabu vingi havikubali kupita 0.1 hivi. Ilikuwa imekufa, hilo halina ubishi. Ndani ya intakula tukachota oili ya kujaza kikombe.

Hapo mafundi wengi wangefunga ile ya tatu na kwenda zao. Mimi nikaiacha mahali pake na kuanza kufuata njia za oili, ile ya kuingia na ile ya kutoka.

Ya kutoka kwanza, kwa sababu ilionekana kwa macho. Tabo ya asili ilikuwa na bomba la chuma lililoteremka moja kwa moja mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Tabo ya pili ilitoka kwenye lori, mdomo wake wa chini ulikaa sehemu tofauti, na aliyeifunga aliunganisha kwa mpira mrefu. Mpira ule ulishuka, ukalegea tumboni, kisha ukapanda kidogo kuingia kwenye injini. Mtu anaweza kuudharau, mradi hauvuji. Lakini oili inayotoka kwenye tabo haisukumwi na chochote. Imeingia kwa kanieneo la pampu, imepita kwenye busi, imepigwapigwa na shafti inayozunguka mara laki moja kwa dakika, na inatoka ikiwa povu. Povu hilo linateremka kwa uzito wake tu. Likipewa kona ya kupanda, linakaa.

Na kuna jambo ambalo ningelikosa kama ningeishia gatini. Boti ikiwa tupu, mpira ule ulikuwa karibu na usawa. Magunia yakipakiwa nyuma, na chombo kikianza kusafiri, mkia unazama na pua inainuka, na injini nzima inalala nyuma kwa nyuzi kadhaa zaidi ya zile ilizofungiwa. Sehemu ya mpira iliyokuwa sawa inageuka kuwa mlima. Niliuvua, nikaweka kwa muda mpira mgumu unaoonyesha ndani, tukapakia mchele nyuma kama siku ya safari, tukawasha kwa mizunguko ya chini. Oili ilijaa kwenye ule mpira na kusimama, mapovu yakipanda kinyume chake kurudi kwenye tabo. Nilimwita mwenye boti aje aone kwa macho yake. Yeye ni mama mfanyabiashara wa mchele, hajui spana, lakini aliangalia kwa muda kisha akasema, "Kwa hiyo inakunywa halafu haijisaidii." Hakuna maelezo bora ya ugonjwa huo.

Hilo lilieleza moshi wa bluu na oili kwenye intakula. Halikueleza busi kulika. Mpira mbovu wa kutoka hutoa tabo inayovuja. Tabo inayosaga ina sababu nyingine. Nikafungua mdomo wa kutoka, nikaweka kopo chini yake, tukawasha tena kwa muda mfupi sana. Kilichotakiwa kuonekana ni mchirizi wa oili usiokatika. Zilikuja tone, zikakatika, zikaja tone.

Bomba la kuingizia oili lilikuwa la chuma, lenye tundu la milimita 6, linapita nyuma ya nyumba ya ekzosi kabla ya kufika juu ya tabo. Nililivua na kujaribu kupitisha waya wa milimita 2. Ulikwama kwenye kona iliyo jirani kabisa na ekzosi. Tukalikata kwa msumeno hapo hapo: ndani kulikuwa na kaboni nyeusi, ngumu, iliyobakiza tundu la kupitisha pini. Bomba hilo lilikuwa lile lile la siku ya kwanza. Tabo ya asili ilipokufa lilivuliwa, likafutwa kwa nje, likarudishwa.

Nahodha aliuliza swali ambalo kila mwenye chombo anapaswa kuliuliza: mbona geji ya oili muda wote ilisoma bar 4? Ilisoma ukweli, ila ukweli wa mahali pengine. Kihisio chake kimefungwa kwenye njia kuu ndani ya bloku, kabla ya bomba hilo. Bomba likiziba mbele yake, geji haiwezi kujua. Beringi za kreki zinakula vizuri huku tabo inakufa kwa kiu, na dashibodi haina taa ya kuonyesha hilo.

Kuzifungua zote mbili

Tabo ya asili ilikuwa bado chini ya sakafu ya boti, imefungwa kwenye kiroba. Mama hatupi vyuma, na kwa hilo namshukuru, kwa sababu tabo ya zamani ni shahidi. Nilizipeleka zote mbili Mbeya, nikazifungua kwenye meza moja.

Rangi za shafti ndizo zinazosema. Shafti iliyokufa kwa oili chafu ina mikwaruzo ya kuzunguka, na busi zake zina chembe zilizojipachika, lakini chuma kinabaki na rangi yake. Iliyokosa oili inapata moto wa msuguano na kugeuka bluu au zambarau iliyoiva, na shaba ya busi inayeyuka na kujipaka juu yake. Iliyokufa kwa kitu kilichoingia ina meno yaliyotafunwa. Hizi mbili zilitoka viwanda tofauti, moja ilidumu miaka, nyingine miezi. Zote zilikuwa bluu, mahali pale pale, kwenye busi ya upande wa ekzosi. Mikwaruzo ilikuwa michache. Zote zilikuwa na ukoko wa kaboni kwenye chumba cha kati.

Kuna fundi mwenzangu aliyeniuliza kwa haki: chumba kinawezaje kujaa oili isiyotoka, na wakati huo huo busi zikakosa oili? Busi ya tabo haijali oili iliyoizunguka. Inaelea kwa sababu oili mbichi yenye kanieneo inasukumwa kati yake na shafti, na oili hiyo hiyo ndiyo inayobeba joto na kuliondoa. Oili iliyotuama kwenye chumba haina kanieneo, haisogei, na iko ubavuni mwa feni inayopigwa na moshi wa nyuzi mia tano na zaidi. Inapikwa tu pale, na inachangia ukoko.

Nikawa na maelezo yanayoshika pande zote. Tabo ya asili iliuawa polepole na bomba lililokuwa likijiziba mwaka hadi mwaka. Ya pili ilizaliwa ikiwa na bomba tayari limeziba, ikaongezewa mpira unaopanda, na haikuwa na koti la maji ambalo ya asili ilikuwa nalo kuzunguka nyumba ya ekzosi. Haikuwa na nafasi.

Kaboni ilitoka wapi

Kaboni kwenye bomba la oili huja hasa kwa kuzima injini ikiwa ya moto. Pampu ya oili inasimama papo hapo, oili iliyobaki kwenye bomba na kwenye chumba inakaa karibu na chuma chenye joto kali, inaungua. Kila kuzima kunaongeza utando. Ndiyo maana tunawaambia madereva waache injini iungurume dakika tatu hivi kabla ya kuzima.

Nilipomwambia nahodha hayo, alinijibu kwa utulivu kwamba haiwezekani, na alikuwa na sababu. Vijiji vingi vya chini ya Milima Livingstone havina gati. Boti inasogea ufukweni, na kabla haijasimama vijana wanaingia majini kuja kupokea mizigo, na watoto nyuma yao. Propela iko chini hapo hapo. Nahodha anazima mara tu anapofika kwa sababu anaogopa kumkata mtu. Siwezi kumwambia mtu huyo azijali busi za tabo kuliko miguu ya watoto, na kitabu kinachosema "dakika tatu" hakikuandikwa na mtu aliyewahi kushusha saruji Lupingu.

Lakini dakika tatu zinaweza kupatikana majini. Kinachopoza tabo ni mzigo mdogo huku oili ikizunguka, na hilo halihitaji boti iwe imesimama. Tulikubaliana kwamba akiwa bado mbali na ufukwe apunguze mpaka mizunguko 900 na aingie hivyo kwa dakika tano. Anafika tabo ikiwa imekwisha poa, anazima mara moja kama kawaida yake. Anapoteza muda kidogo, hapotezi usalama.

Tabo ipi ifungwe

Ile ya tatu ilifika stendi, ikafunguliwa. Ni ya lori, sura ile ile ya ya pili, nyumba ya ekzosi kavu. Nilimshauri mama airudishe. Hakufurahi, kwani fedha ilikwisha toka na boti haijaingiza kitu. Nilimpa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba tabo inachaguliwa kwa namba za kwenye kibati cha injini na cha tabo yenyewe. Kufanana kwa flanji hakutoshi. Ukubwa wa njia ya moshi ndani ya nyumba ya ekzosi ndio unaoamua tabo iamke kwenye mizunguko mingapi. Ya lori imepangiwa kupanda na kushuka gia. Ya boti imepangiwa mzigo mmoja mzito kwa saa nyingi.

Ya pili ni moto, na kwenye hilo sikuwa tayari kujadiliana. Nyumba kavu ya ekzosi inafika joto la kuwa nyekundu gizani. Kwa meli kubwa, kanuni za kimataifa zinataka chuma chochote chenye joto la zaidi ya nyuzi 220 kifunikwe pale ambapo mafuta yakivuja yanaweza kukifikia. Hii ni boti ya mbao, mabomba ya dizeli yamepita ubavuni mwa tabo, na abiria wawili watatu hukaa juu ya magunia. Aliyeweka tabo kavu hapo alibadilisha zaidi ya nguvu ya injini.

Njia tuliyoifuata ikawa ya bei nafuu kuliko zote. Nyumba za tabo ya asili, ile yenye koti la maji, zilikuwa nzima. Nilizipima kwa kanieneo zikiwa zimezamishwa kwenye maji ya moto, hazikutoa povu. Tukaagiza sehemu ya kati mpya kwa namba zake, iliyosawazishwa kiwandani. Wapo wanaobadilisha busi na sili peke yake mezani na kurudishia feni zile zile. Bila mashine ya kusawazisha siwezi kukubali. Piga hesabu: kasoro ya gramu 0.1 iliyo sentimita 3 kutoka katikati, kwa mizunguko 100,000 kwa dakika, inavuta shafti kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 33, na mvuto huo unazunguka nayo.

Kufunga

Kabla ya tabo kukaa, intakula na mabomba yote ya hewa yalivuliwa na kuoshwa. Oili iliyolala humo ni hatari: injini ikiivuta inaweza kuigeuza mafuta na kujikimbiza yenyewe, na kuzima mafuta ya dizeli hakutaisimamisha. Tulikaa na ubao wa kuziba mdomo wa hewa mkononi siku ya kuwasha. Mkono mtupu usithubutu kuziba hapo.

Oili mpya, filta mpya. Bomba la kuingizia ni jipya, limepitishwa mbali na ekzosi. Sikutaka kusafisha la zamani hata kama lingesafishika, maana kipande cha kaboni kitakachobanduka baadaye kitakwenda moja kwa moja kwenye busi. Bomba la kutoka lilichomelewa la chuma, pana, lenye mteremko usiokatika, na tuliupima mteremko huo boti ikiwa imepakiwa nyuma. Kwenye flanji za oili ni gasketi tupu. Silikoni inayobanwa humo inachomoza kwa ndani, inakatika, inaziba.

Kabla ya kuunga bomba la juu nilijaza oili safi kwenye tundu, nikizungusha shafti kwa kidole mpaka ikawa nyepesi. Kisha mafuta ya dizeli yakafungwa, tukapiga stata kwa vipindi vifupi mpaka oili ikaonekana ikitoka kwenye bomba la chini. Hapo ndipo tukawasha, tukaiacha ikiunguruma kwa muda mrefu bila kuipandisha. Kiwiko na sehemu zote za ekzosi zisizo na maji zilivishwa kitambaa cha kuzuia joto.

Matokeo

Boti ikiwa imejaa, kuelekea Matema, injini ilifika 2,340. Geji ya hewa ilisoma bar 1.1. Kwenye mizunguko 1,700, pale ilipokuwa nyuzi 590, sasa ilikuwa 380. Moshi ulionekana kidogo wakati wa kuongeza mwendo, ukapotea. Kipimajoto cha ekzosi nimekiacha kimefungwa mbele ya nahodha, kwa sababu ndicho kitakachomwambia kabla ya moshi.

Tulikubaliana pia kwamba kila wanapobadilisha oili, bomba la chini lifunguliwe na mchirizi uangaliwe. Ni kazi ya nati mbili.

Mama ana boti nyingine yenye injini ya aina hiyo hiyo, ambayo haikuwa na lalamiko lolote. Nilimwomba ruhusa nivue bomba lake la kuingizia oili. Aliniuliza kwa nini niguse kisichouma, nikamwonyesha vile vipande tulivyokata kwa msumeno, akaruhusu. Waya wa milimita 2 ulipita, wa milimita 4 ulikwama kwenye kona ile ile. Tumefunga bomba jipya, na nahodha wake naye sasa anapunguza mwendo mapema kabla ya ufukwe.